Sekunde chache chini ya boneti: somo la moto kutoka gereji ya Greyville

Fundi hakuanza na spana. Alianza na pua. Aliinua boneti ya Hilux kuukuu ya petroli, akainama juu ya injini ambayo ilikuwa bado haijapoa, akavuta hewa taratibu. Kisha akanyoosha kidole kwenye mpira mweusi unaopeleka mafuta kwenye kabureta.

"Hapa," akasema. "Mpira huu umezeeka. Ukiukunja utaona."

Akaukunja. Ukafunguka nyufa ndogondogo kama ngozi ya kisigino wakati wa kaskazi, na kwenye ufa mmoja likatokeza tone. Tone lenyewe halikuzidi punje ya mtama. Sentimita chache chini yake lilikuwapo manifoldi la eksozi, chuma cha moto kinachopitisha moshi wa injini.

Tulikuwa Greyville, mjini Durban, Afrika Kusini, katika ua wa gereji ndogo. Fundi huyu ni mtu wa Tanga. Alifika Durban miaka mingi iliyopita kwa njia ya bahari, akabaki, na leo anaishi kwa kutengeneza pikapu na mabasi madogo ya abiria. Aliniomba nisimtaje jina, nami nimemheshimu. Nilikuwa nimekwenda kuona kitu kimoja tu: mfumo wa kuzima moto aliouunda kwa mikono yake na kuufunga kwenye Hilux hiyo, gari lake mwenyewe. Niliondoka na somo pana kuliko nililolifuata.

Wengi wanaoijua Greyville wanaijua kwa farasi. Hapa ndipo yanapofanyika mashindano ya Durban July, yaliyokimbiwa mara ya kwanza mwaka 1897, ambayo kila Julai huujaza mji watu waliovaa wakapendeza. Katikati ya njia ya farasi umo uwanja wa gofu, na upande wa juu, kuelekea mlima wa Berea, ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1849. Lakini ukishuka kuelekea barabara ya Umgeni unaikuta Durban nyingine, ile ya maduka ya vipuri, matairi, betri na mafundi wenye mikono myeusi. Ni Durban inayoyatunza magari yanayotoka usawa wa bahari kupanda hadi Johannesburg, safari ya kama kilomita 570 kwa barabara ya N3, kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu. Gari lililozeeka, limejaa abiria na mizigo, likipanda milima ile mchana wa jua, chini ya boneti yake ni tanuri.

Moto unatoka wapi

Moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Chini ya boneti vyote vitatu vinaishi nyumba moja. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika cheche hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la pwani. Oili ya injini, oili ya giaboksi, mafuta ya breki, hata kipozeo cha rejeta chenye glaikoli, vyote huungua vikipata joto la kutosha. Na joto lipo. Manifoldi la eksozi hupita nyuzi 500 injini ikifanya kazi nzito, na kwenye turbo joto huwa kubwa zaidi. Mvuke wa petroli, dizeli au oili unaweza kujiwasha wenyewe, bila cheche yoyote, kwenye joto lililo chini ya hapo.

Chanzo cha pili ni umeme. Waya mnene wa betri uliochubuka ukigusa bodi, mkondo unaopita unaweza kuyeyusha ganda la plastiki kwa muda mfupi. Durban, kama Mombasa na Dar es Salaam, ina hewa ya chumvi inayokula vichwa vya nyaya. Na mahali fyuzi ilipokatika mara tatu, wako watu wanaofunga kipande cha waya badala yake. Fundi wangu ana neno moja kwa wanaofanya hivyo: "Fyuzi ikikatika inakupigia simu. Wewe unakata simu."

Si magari makuukuu peke yake. Afrika Kusini ilijifunza hivyo kwa uchungu ilipofika kesi ya Ford Kuga. Makumi ya magari ya aina hiyo, yenye injini ya lita 1.6, yaliwaka moto katika sehemu mbalimbali za nchi, mengine yakiwa barabarani na familia ndani. Januari 2017 kampuni ilitangaza kuyarudisha gereji magari 4,556. Maelezo iliyoyatoa yafaa kusomwa na kila mwenye gari. Maji ya kupozea hayakuzunguka ipasavyo, injini ikapata joto kupita kiasi, kichwa cha silinda kikapasuka, oili yenye presha ikachuruzika juu ya chuma cha moto, ikawaka. Ukiifuata safari hiyo kinyumenyume unaona kwamba moto ule ulianzia kwenye maji. Dereva aliyezoea kutazama geji ya joto na kukagua rejeta kila asubuhi anazuia moto, ingawa mwenyewe anadhani anazuia injini kuharibika tu.

Nani atauleta mtungi?

Magari mengi hubeba mtungi wa kuzimia moto. Kwetu Afrika Mashariki tunaufahamu vizuri, kwa kuwa trafiki huuulizia. Lakini mtungi huo mara nyingi uko chini ya kiti, nyuma ya jeki, umefunikwa na matambara. Dereva aone moshi, asimame, afungue mkanda, autafute, achomoe pini, azunguke mbele, afikirie namna ya kufungua boneti. Moto wa petroli haumngoji mtu wa namna hiyo.

Historia ya Afrika Kusini inabeba kumbukumbu nzito juu ya jambo hili. Tarehe 5 Machi 1977, katika mashindano ya Formula One kwenye uwanja wa Kyalami, gari la Muitaliano Renzo Zorzi lilisimama pembeni mafuta yakivuja, likaanza kushika moto mdogo. Zorzi alitoka salama. Kijana wa miaka 19 aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wa uwanja, Frederik Jansen van Vuuren, alivuka njia mbio akiwa amekumbatia mtungi mzito wa kuzimia moto. Magari yalikuwa yakija kwa kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Gari la Tom Pryce wa Wales lilimgonga, na mtungi ule ukampiga Pryce kichwani. Wote wawili walifariki papo hapo, kwa ajili ya moto mdogo.

Miaka minne kabla yake, kwenye uwanja huohuo, Mike Hailwood wa Uingereza aliingia katika moto kumtoa Clay Regazzoni, nguo zake zikiwaka, na serikali ya nchi yake ikamtunuku nishani ya George kwa ujasiri. Tunawakumbuka mashujaa hawa kwa haki. Lakini wahandisi wa magari ya mashindano walifuata njia nyingine: mtungi ukae ndani ya gari, mabomba yafike kwenye injini na kwa dereva, na kamba moja ya kuvuta itoshe. Leo katika mashindano mengi ya kimataifa gari haliruhusiwi kuingia uwanjani bila mfumo wa namna hiyo.

Mabasi nayo yamefuata. Kanuni namba 107 ya Umoja wa Mataifa kuhusu mabasi, inayotumika Ulaya na nchi nyingine, sasa inadai mabasi mapya ya abiria yawe na mfumo wa kuzima moto kwenye chumba cha injini. Sababu ni ya wazi. Injini ya basi kubwa iko nyuma, dereva yuko mbele, na moto unaweza kukua dakika nzima kabla hajauona. Waswidi walitunga hata kipimo maalumu cha maabara cha kujaribu mifumo hiyo, kwa kuwasha moto katika mfano wa chumba cha injini wenye feni, vyuma vya moto na vizuizi, ili ionekane mfumo upi unazima kweli na upi unanyunyiza tu.

Jaribio la kwanza lilivyoshindwa

Fundi alinionyesha kwanza kazi yake iliyoshindwa, na hilo lilinifanya nimwamini. Alitoa kabatini mtungi mwekundu wa poda na mita chache za bomba jembamba la nailoni, lile linalotumika kwenye breki za upepo za malori. Wazo lilikuwa zuri: jaza bomba presha, lipitishe juu ya injini, na moto ukiwaka utalitoboa palepale, presha itoke na poda ifuate. Viwanda vinatengeneza mifumo ya namna hiyo, na inafanya kazi. Ila bomba lao limetengenezwa lipasuke kwenye joto linalojulikana, na kinachopita ndani yake kimechaguliwa kupita kwenye njia nyembamba.

Yeye alifungua kichwa cha mtungi wa kawaida, akaunganisha bomba lake, akawasha petroli kidogo kwenye sinia chini ya boneti kuukuu iliyowekwa juu ya matofali. Bomba lilitoboka. Ikatoka gesi. Poda haikutoka. Alipolikata bomba baadaye, aliikuta imejishindilia kwenye kona ya kwanza, ngumu kama chokaa. Gesi ilikuwa imeupepea moto badala ya kuuzima. Aliuzima kwa ndoo ya mchanga aliyokuwa ameiweka karibu.

Poda kavu ni dawa kali ya moto, kwa sababu huvunja mfuatano wa kikemia unaoufanya mwali uendelee. Lakini haipendi mabomba marefu membamba wala kona kali, na mitetemo ya barabarani huishindilia chini ya mtungi. Kaboni dayoksaidi nayo ina hatari zake. Mtungi wake hubeba presha ya kama mara 57 ya hewa ya kawaida kwenye joto la nyuzi 20, na hupanda haraka joto likiongezeka. Tairi la gari dogo lina kama mara 2 tu. Mtungi huo ukivujia ndani ya kabini, waliomo wanaweza kuzimia kwa kukosa hewa. Gesi ya haloni, iliyopendwa zamani, iliharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukafungua njia ya kuiondoa.

"Siku ile nilijifunza," fundi aliniambia. "Bomba nitafunga mimi. Nozeli nitafunga mimi. Presha sichezi nayo."

Mfumo aliobaki nao

Kwenye Hilux ya leo, mtungi ameununua ukiwa kamili. Ni wa povu, wa aina ya magari ya mashindano, una alama ya kiwango, tarehe ya kukaguliwa na geji. Ameufunga nyuma ya kiti kwa mikanda miwili ya chuma iliyokazwa kwa bolti kwenye sakafu. Hakuuweka chini ya boneti, kwa kuwa joto la injini hupita kiwango ambacho mtungi umetengenezewa, na mtungi ulio karibu na moto ndio wa kwanza kuharibiwa nao.

Kutoka hapo bomba la alumini la milimita 8 linapenya kwenye bamba linalotenganisha kabini na injini. Tundu limezungushiwa mpira ili bomba lisisagike. Mbele linagawanyika mara mbili. Nozeli moja inatazama kabureta na mipira ya mafuta kutoka juu. Ya pili iko chini, inatazama manifoldi la eksozi, kwa sababu mafuta yanayovuja hushuka.

Namna alivyopata mahali pa nozeli hizo ndiyo iliyonivutia kuliko yote. Povu ni ghali, kwa hiyo alijaribu kwa maji. Alichukua bomba la kupulizia dawa mimea, lile la kubeba mgongoni, akaliunganisha na mabomba ya gari. Akatandika karatasi za gazeti juu ya injini nzima iliyopoa, nyingine akazichomeka pembeni na chini, akafunga boneti, akapuliza. Alipofungua, karatasi zilijieleza zenyewe: hapa zimelowa chepechepe, hapa zina matone, hapa ni kavu kabisa. Pakavu palikuwa palepale penye kabureta, kwa maana boksi la filta ya hewa lilikuwa limeikinga. Akaisogeza nozeli shibiri moja, akatandika magazeti mapya, akapuliza tena. Mara ya tatu karatasi zote zililowa.

Kisha akanionyesha kamba nyekundu chini ya dashibodi. Ukiivuta, mambo mawili hutokea pamoja. Vali ya mtungi inafunguka, na swichi ndogo inakata umeme wa pampu ya mafuta na wa koili. Injini inazimika, na feni inayozungushwa na mkanda inasimama nayo. Nilidhani swichi ni nyongeza ya ufundi tu. Fundi alinirekebisha. Pampu ikiendelea kusukuma petroli kwenye mpira uliopasuka, unaweza kumwaga povu la mji mzima. Feni ikiendelea kuzunguka, itaipeperusha dawa kabla haijatua. Na chuma kilichopata moto hubaki na joto la kuwasha upya mvuke wowote utakaofika baada ya dawa kwisha. Kukata mafuta ndiyo nusu ya kwanza ya kuzima moto, na dawa ni nusu ya pili.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: simama pembeni kwanza, maana injini ikizimika gari likiwa mwendoni, breki na usukani huwa vizito. Vuta kamba. Toa watu wote. Kaa mbali, upande upepo unakotoka. Piga simu: Afrika Kusini ni 10177, Tanzania ni 114.

Hukumu yangu

Je, inafaa mtu ajitengenezee mfumo kama huu? Baada ya siku mbili katika ua ule, jibu langu ni ndiyo, kwa masharti ambayo hayana mjadala. Mtungi na vali yake vinunuliwe vikiwa kamili, vyenye kiwango na tarehe. Asiwepo fundi wa kukata kichwa cha mtungi, kuuchomelea au kuujaza kwa kompresa ya tairi. Chuma kilichobeba presha kikipasuka kinaua kama bomu. Ukinunua povu, ulizia lisilo na florini, kwa kuwa kemikali za povu la zamani hukaa kwenye udongo na maji bila kuoza. Ukitumia poda, osha injini mapema, kwani mabaki yake hula alumini na nyaya. Na mfumo ukaguliwe kila mwaka, kwa sababu ulio na geji iliyolala kwenye sifuri huwafariji waliomo ndani huku hauwezi kuwasaidia.

Jambo la mwisho ni kujua mfumo unaokoa nini. Hauokoi gari. Lita mbili za povu zinanunua sekunde chache za mwanga na hewa safi ili mama aliye kiti cha nyuma afungue mlango na kumtoa mtoto. Kama gari litapona, hiyo ni ziada. Mwenye basi dogo la abiria 15 akifikiri hivyo ataona kuwa gharama ya mtungi na mabomba ni ndogo.

Na kwa asiyeweza kununua mfumo wowote, bado yapo ya kufanya bila gharama kubwa. Mtungi wa mkononi uwe karibu na mguu wa dereva, umefungwa usibingirike, geji yake kwenye kijani. Ukiona moshi chini ya boneti, usiifungue wazi, maana unaukaribisha moto kwa hewa. Fyatua lachi tu, elekeza mdomo wa mtungi kwenye mwanya, upulize. Ukiona mwali mkubwa, achana na gari, ondoka na watu wako.

Kabla sijaondoka, fundi alimaliza kazi aliyoianza kwa pua. Alikata ule mpira uliopasuka, akafunga mpya uliotengenezewa petroli, akakaza klampu mbili, akawasha injini, akasubiri ipate moto, akainama tena na kunusa. Hakukuwa na harufu. Mfumo wake wote wa povu, mabomba, nozeli na kamba nyekundu, ulikuwa pale ukingoja siku ambayo anaomba isifike. Mpira ule mpya ulikuwa umeisogeza mbali siku hiyo, kwa kazi ya robo saa.

Msomaji wangu, kesho asubuhi kabla hujawasha gari, inua boneti. Kunja kila mpira wa mafuta. Tazama maji ya rejeta. Shika nyaya za betri uone kama zimekaza. Kisha washa, ngoja kidogo, uiname unuse. Ukisikia harufu ya petroli, gari hilo lisitoke nyumbani kwako mpaka fundi alitazame.